Kaka amebaki na macho tu. Tununue mashine?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Morogoro. Kaka yangu mkubwa ana miaka 48, ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Miezi michache iliyopita alianguka bafuni akijiandaa kwenda kazini. Hospitali walituambia ni kiharusi, na kwamba kimepiga sehemu ya chini ya ubongo, kule unakokaribia shingo. Alikaa chumba cha wagonjwa mahututi, baadaye wodini, kisha tukaruhusiwa kurudi naye nyumbani. Hasogezi mkono wala mguu. Hasemi. Hawezi kumeza, tunamlisha uji na maziwa kwa mpira wa puani. Kilichobaki ni macho. Yanafunguka, yanapanda na kushuka, lakini kulia na kushoto hayaendi.

Daktari aliyetuandikia ruhusa alisema ufahamu wake ni mdogo, tusitarajie mengi. Basi nyumba nzima imelishika neno hilo. Wageni wakija wanasimama miguuni pa kitanda na kuulizana mbele yake kama atavuka mwaka. Mmoja aliuliza atazikwa Morogoro au kijijini.

Mimi moyo unakataa. Siku ya mechi ya Simba na Yanga niliweka redio karibu na mto wake. Yeye ni Yanga tangu utoto. Yanga walipofunga, macho yakapanda juu yakatulia huko. Nikamwuliza, "Kaka, umesikia?" Yakapanda tena. Nikakimbia kumwita wifi, lakini alipoingia kaka hakufanya chochote, na wifi akaniambia nisijiumize. Kuna jingine. Mama akiingia chumbani, kaka analia kwa sauti mpaka anakosa pumzi, na mara nyingine anacheka ghafla bila cha kuchekesha. Wifi ameona ni heri mama apunguze kuingia.

Sasa mpwa wetu aliyeko Muscat ameona video za mashine inayofuata macho: mgonjwa anatazama herufi kwenye skrini na kompyuta inasema. Ametuma pia habari za Wamarekani waliopandikizwa kifaa ndani ya ubongo. Yuko tayari kutoa milioni 12, ila anataka tumjibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Baba mdogo anasema hizo ni pesa za kutupa. Yeye anataka kiwanja cha kaka kiuzwe ili tupate fedha za matibabu, na kwa kuwa kaka hawezi kusaini, atamshika kidole gumba akikandamize kwenye karatasi. Wanunuzi wameshakuja kukiona. Wifi hasemi ndiyo wala hapana.

Shangazi, kaka ananielewa, au ni matumaini yangu tu? Tununue mashine? Na hili la kiwanja nifanyeje mimi niliye mdogo?

Mdogo wake, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, na pole zaidi kwako uliyebaki peke yako upande wa kaka yako.

Naanza na kiwanja kwa sababu wanunuzi wameshafika. Mwendee baba yako mdogo kwa heshima, ikiwezekana ukiwa na mama, umwombe jambo moja: karatasi isiguswe mpaka kaka aulizwe. Usimshutumu. Pengine kweli anawaza gharama za dawa, na mtu mzima akihisi anaitwa mwizi hatasikia neno jingine. Lakini kidole kilichoshikwa na mtu mwingine kikakandamizwa kwenye wino si ridhaa ya mwenye kidole. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 12 cha mkataba huo kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki sawa na wengine mbele ya sheria, ikiwemo kumiliki mali na kuiamulia, na kwamba apewe msaada anaouhitaji ili aweze kuamua. Akikataa kulegea, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, umweleze kama ulivyonieleza. Wapo pia watoa msaada wa kisheria bila malipo chini ya sheria ya mwaka 2017. Wifi yako naye ana haki zake kama mke katika mali ya familia, aende nawe.

Sasa swali lako la kwanza, ambalo ndilo kubwa.

Siwezi kumpima mgonjwa nisiyemwona. Ila nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa kiharusi kabla sijastaafu, na uliyoyaeleza yanafanana mno na hali ambayo mwaka 1966 madaktari wawili wa Marekani, Fred Plum na Jerome Posner, waliipa jina la mtu aliyefungiwa ndani. Kiharusi kinakata njia za mwendo katika shina la ubongo. Amri ya kuinua mkono, kugeuza ulimi, kumeza, inatoka juu salama lakini haifiki. Sehemu ya ubongo inayofikiri, inayokumbuka, inayosikia na kupenda, iko juu ya pale palipoharibika, na mara nyingi haikuguswa. Macho kwenda pembeni yanaongozwa kutoka eneo lile lile lililoumia, ndiyo maana yamekwama. Kupanda na kushuka kunaongozwa kutoka juu kidogo, ndiyo maana kumebaki. Kwa hiyo macho ya kaka yako kwenda juu na chini tu si dalili ya akili ndogo. Ndivyo hali yenyewe ilivyo.

Na jua kwamba hukuwa mwendawazimu kuona kile ambacho daktari hakukiona. Kwa wagonjwa wa namna hii, mara nyingi anayegundua kwanza kwamba mtu yupo ndani ni ndugu anayeshinda kitandani, kwa sababu daktari anapita kwa dakika chache, tena pengine saa ambayo mgonjwa amechoka. Ulipomwita wifi na kaka asijibu, inawezekana nguvu zilikuwa zimekwisha. Kuinua macho kwake yeye ni kazi.

Kilio kile nacho kina maelezo. Baada ya kiharusi cha shina la ubongo, kulia na kucheka kunaweza kufunguka kwenyewe, kukazidi kiasi, na mtu asiweze kukuzuia. Huenda akimwona mama anapata furaha kidogo tu na mwili unaifanya kilio. Huenda ni huzuni kweli. Wewe hujui, mimi sijui, wifi hajui. Anayejua ni yeye, naye hajaulizwa. Mama arudishwe chumbani leo, na mumweleze daktari habari hii, kwa sababu zipo dawa zinazopunguza.

Basi tumuulize. Vaeni subira, maana haya ndiyo yatakayoamua kila kitu, kiwanja na mashine pia.

Chagua asubuhi baada ya kuogeshwa, kabla hajachoka. Mwinue kwa mito akae nusu kukaa, kichwa kikishikiliwa kisianguke pembeni. Mwalimu wa umri wake bila shaka alikuwa na miwani. Iko wapi? Nimeona miwani nyingi zikilala kabatini wakati mwenyewe anatazamishwa maandishi ambayo hayaoni. Kitu kingine kinachosahaulika ni kuona vitu viwili viwili, kunakotokea sana kwa kiharusi hiki. Ukifunika jicho moja kwa kitambaa na ukaona anatulia, umepata jibu, lakini usifunike moja lile lile kutwa nzima, badilisha. Zima redio na televisheni. Kaa usawa wa uso wake.

Mweleze kwanza kabla ya kumwuliza. "Kaka, ukitaka kusema ndiyo, tazama juu. Ukitaka kusema hapana, tazama chini." Kufumba na kufumbua macho siku zote hakufai kwa mwanzo, kwa kuwa kila mtu anapepesa hata asipotaka, nanyi mtaanza kubishana kama lile lilikuwa jibu au vumbi. Uliza kitu ambacho unajua jibu lake, na uchanganye. Wewe ni Yanga? Wewe ni Simba? Mkeo ni huyu? Mimi ni mdogo wako? Ulikuwa unafundisha Kiswahili? Kila ukiuliza, nyamaza umsubiri. Hesabu moyoni mpaka kumi na tano. Watu wengi huuliza tena baada ya sekunde mbili, na swali la pili linaua jibu la la kwanza. Akijibu, litamke jibu lake kwa sauti: "Umesema ndiyo." Hapo anajua umeona.

Swali liwe moja. "Unataka kugeuzwa au unataka maji?" halijibiki kwa macho. Na usiulize kwa kukanusha. Ukisema "Huumwi?" naye akatazama juu, amesema ndiyo anaumwa, au ndiyo, siumwi? Uliza "Unaumwa?" basi. Kila baada ya maswali machache weka hili: "Kuna jambo ambalo sijaliuliza?" Kwa mtu asiyeweza kuanzisha mazungumzo, swali hilo ndilo mlango.

Mambo haya yakijibika sawasawa siku kadhaa, mwite wifi, mwite baba mdogo, wakae kimya waone. Uyarekodi pia kwenye simu majibu hayo, wakati mzuri wa siku, umpelekee daktari. Video ya dakika chache ina uzito kuliko maneno yako mengi kliniki. Omba aandikiwe kwenye faili: mgonjwa anawasiliana, ndiyo ni juu, hapana ni chini. Ubandike maneno hayo hayo ukutani juu ya kitanda, kwa herufi kubwa, ili hata mgeni au muuguzi wa zamu asiwe na kisingizio.

Kisha nendeni kwenye herufi. Usilione hili ni la kitoto. Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza, alipoteza sauti mwaka 1985 baada ya kutobolewa koo kwa sababu ya nimonia. Kabla ya kompyuta iliyomfanya asikike dunia nzima, alikuwa anaandika kwa kuinua nyusi mtu mwingine anapomwonyesha herufi sahihi kwenye kadi. Na Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle kule Ufaransa, alipigwa na kiharusi Desemba 1995 akabaki na kope moja ya kushoto. Alisomewa herufi moja moja, akapepesa kwenye aliyoitaka, na kwa njia hiyo akaandika kitabu kizima. Herufi zake zilipangwa kwa jinsi zinavyotumika sana katika Kifaransa, E ikiwa ya kwanza. Sisi tujipangie zetu.

Chukua ubao au kipande cha kadibodi, uandike hivi kwa kalamu nene:

A B CH D
E F G H
I J K L M N
O P R S T
U V W Y Z
0 1 2 3 4 5 6 7 8 9

Kila mstari wa herufi unaanza na irabu, kwa hiyo mwalimu ataukariri kwa siku moja na hatahitaji hata kuuona. Q na X ziweke pembeni kwa ajili ya majina. Wewe unasoma: "Mstari wa kwanza? Wa pili? Wa tatu?" Akitazama juu, unaingia kwenye mstari: "I? J? K? L? M?" Akitazama juu, unaandika M kwenye daftari. Kila herufi iandikwe, usitegemee kichwa. Ukishapata M, G, O, unaweza kukisia: "Mgongo?" Akitazama juu, umeokoa herufi tatu. Akitazama chini, usikisie mara nne mfululizo, endelea na herufi. Kukisia sana ni kumkata mtu kauli.

Kwa lugha yetu kuna njia ya mkato ambayo ubao wa Wazungu hautakufundisha. Vitenzi vyetu vinaanza na viambishi vya mbele vinavyofanana: nataka, nahisi, naumwa, naogopa. Akianza na N-A umetumia muda mwingi na hujajua kitu. Kubalianeni aandike mzizi tu. T-A-K. O-G-O-P. Na kabla ya herufi, uliza ni habari ya nini: mwili? mtu? kitu? pesa? shule? Ukijua ni pesa, herufi mbili tatu zinatosha.

Itakwenda polepole. Sentensi moja inaweza kuchukua robo saa, na akichoka mnaacha, mnaweka alama kwenye daftari mlipoishia. Usimalizie mwenyewe.

Huyo ni mwalimu wa hesabu, mwanangu. Akishaweza kuandika, mpe tarakimu. Mwulize jibu la mtoto wake la hesabu ni sahihi au si sahihi. Anahitaji kuulizwa vitu vingine zaidi ya choo na maumivu.

Sasa mashine.

Habari ya vifaa vya kupandikiza ubongoni iacheni. Ni ya kweli, tangu 2024 kampuni ya Neuralink imeshaweka kifaa chake kwa watu, na vyuo vikuu vya Marekani vilianza kazi hiyo miaka mingi kabla. Lakini ni majaribio ya kitafiti yanayochagua watu wake. Akitokea mtu Muscat au Dar es Salaam anayedai anauza, ni tapeli.

Kompyuta inayofuata macho ni kitu kingine, inauzwa na inawasaidia watu wengi sana, hasa wenye ugonjwa wa neva za mwendo ambao macho yao huenda kila upande mpaka mwisho. Shida ni kwamba inataka jicho litembee skrini nzima, kulia, kushoto, juu, chini. Kaka yako ana nusu ya mwendo huo. Programu ya bure ya Google iitwayo Look to Speak, iliyotoka Desemba 2020, nayo inachagua sentensi kwa kutazama kulia au kushoto, kwa hiyo kwa leo haimfai. Simu za iPhone kuanzia toleo la 12 zinaweza kufuata macho tangu mfumo wa 2024, na kikwazo ni kile kile. Mpwa wako asitume milioni 12 kununua kitu ambacho macho ya mjomba wake hayawezi kukiendesha.

Kila wiki mjaribuni: shika kalamu mbele ya uso, ipeleke kulia na kushoto taratibu, uone kama macho yanafuata hata kidogo. Kwa baadhi ya wagonjwa mwendo wa pembeni unarudi kiasi. Pia angalieni vidole, hasa gumba, na shingo, na shavu. Mara nyingi kinachorudi kwanza ni kitu kidogo kama hicho, ambacho kwa mtu mwingine kisingekuwa na maana, na kwa kaka yako kingekuwa kila kitu. Hawking miaka yake ya mwisho aliendesha kompyuta kwa msuli wa shavu tu, kihisi kikiwa kimefungwa kwenye miwani.

Kilichopo leo kinachoweza kumfaa ni simu ya kawaida ya Android yenye kamera nzuri ya mbele. Tangu 2021 mfumo wa Android una njia ya kuiendesha simu kwa ishara za uso zinazoonwa na kamera. Ishara zenyewe ni sita: kutazama kulia, kutazama kushoto, kutazama juu, kuinua nyusi, kutabasamu, kufungua mdomo. Kutazama juu anakuweza. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, utafute matumizi ya swichi, uchague kamera. Simu itaanza kumulika vitufe kimoja baada ya kingine, yeye anatazama juu pale anapotaka kibonyezwe. Huduma ya Google ya kusoma maandishi ina sauti ya Kiswahili, hivyo alichoandika kinaweza kutamkwa. Itawachosha mwanzoni: mwanga ukiwa hafifu kamera haioni, simu ikiwa imesogea kidogo inakosea. Ndiyo maana kifaa cha kwanza kununua ni mkono imara wa kushikia simu, unaobana kwenye kitanda.

Siku gumba au kichwa kikipata mwendo kidogo, hata wa kugusa tu, kuna njia imara zaidi. Mpeleke fundi redio wa mtaani kipanya cha kompyuta cha bei ndogo. Achomelee nyaya mbili kwenye kitufe cha kushoto, azitoe nje, aziunganishe na swichi laini itakayowekwa chini ya kidole. Kwenye Windows, kibodi ya kwenye skrini ina mpangilio wa kutembeza mwanga juu ya herufi zenyewe, na mbofyo mmoja wa kipanya unachagua. Hakuna programu ya kununua. Fundi mwelewa anamaliza kazi hiyo kwa siku moja.

Ikifika siku macho yamefunguka pande zote, zungumzeni tena habari ya kompyuta ya macho, na mumbane muuzaji kwa maswali. Tutakijaribu nyumbani kabla ya kulipa? Kikiharibika kinatengenezwa wapi? Umeme ukikatika kinakaa na chaji saa ngapi? Kinatamka Kiswahili, au kaka aanze kuwaomba maji kwa Kiingereza mbele ya mama asiyekijua? Na hata mkinunua, ubao wa kadibodi usitupwe. Umeme hukatika, na usiku mtu anapopaliwa hakuna muda wa kuwasha kompyuta.

Kwa hiyo mjibu mpwa kabla ya mwisho wa mwezi kwamba msaada wake unahitajika, ila kwa mpangilio mwingine. Atume sasa fedha za simu moja nzuri, mkono wa kuishikia, godoro la kuzuia vidonda, na nauli na posho ya mtaalamu. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili na KCMC zina wataalamu wa fiziotherapia, na KCMC ndiko wanakofundishwa wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao kazi yao hasa ni kumtafutia mtu njia ya kufanya jambo kwa kile alichobakiwa nacho. Waulizeni pia kuhusu kumeza. Mpira wa puani haukukusudiwa kukaa muda mrefu hivyo. Fedha iliyobaki aitunze kwa jina la mjomba wake, na siku ya kuitumia kaka mwenyewe aulizwe. Baada ya hapo hata kiwanja kinaweza kuzungumzwa, akiwepo afisa au wakili, maswali yakiulizwa mbele ya mashahidi kwa pande zote mbili: "Unataka kiuzwe?" na siku nyingine, "Unataka kibaki?" Majibu yakipingana, karatasi inafungwa.

Nakuambia jambo moja ambalo wageni wenu wanaosimama miguuni pa kitanda wangepaswa kulijua. Mwaka 2011 watafiti wa Ubelgiji walichapisha majibu ya watu wa Ufaransa waliofungiwa ndani kwa muda mrefu, waliojibu wenyewe kwa njia zao. Kati ya 65 waliojibu kuhusu maisha yao, 47 walisema wana furaha na 18 walisema hawana. Waliosema hawana furaha walihusianisha hali yao na mambo kama kushindwa kutoka na kushindwa kusema. Sikuambii hivyo ili umlazimishe kaka kufurahi. Anaweza kuwa katika wale 18, na akiwa humo ana haki ya kusikilizwa na kutibiwa. Nakuambia kwa sababu jamaa zenu wameshamkatia hukumu ya maisha yasiyo na thamani, na wenye maisha hayo walipoulizwa wengi wao walisema vingine. Mazungumzo ya mazishi chumbani yakome. Anayetaka kuyazungumza atoke nje.

Limebaki la wifi yako. Umemtaja mara kadhaa na kila mara kama mtu anayekuzuia. Hebu mtazame. Ndiye anayemgeuza mumewe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Ndiye aliyeambiwa na daktari asitarajie mengi, na huenda alikubali haraka kwa sababu kutarajia kila siku na kukosa kunaumiza kuliko kukata tamaa mara moja. Gawaneni zamu. Usiku miwili kwa wiki alale chumba kingine, na wewe au kijana mwingine wa nyumbani muwe na mgonjwa. Yeye ndiye awe wa kwanza kufundishwa ubao, kabla ya baba mdogo, kabla ya mpwa, hata kabla ya mama. Yapo maneno ambayo mume anataka kumwambia mkewe bila mtafsiri, na ninyi wengine hamtauliza aliandika nini kwenye daftari hilo.